Masizi Yale Hayakuwa ya Niyubahwe

Murubona,
Kasulu, Kigoma.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa mwanangu Nduwayezu,

Amahoro, amani iwe kwako na kwa wote wanaolala chini ya paa lako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mkeo mzima, watoto wazima, na ule mgongo uliokusumbua msimu wa baridi uliopita umekuachia nafasi ya kupumua. Huwa nauliza habari za mgongo wako kwa kila anayetoka huko, na wote hunijibu kwamba unafanya kazi sana. Hilo si jibu, lakini nalipokea.

Sisi huku tupo. Macho yangu bado yanasoma, ila siku hizi nasoma asubuhi tu, nikikaa kibarazani mwanga ukinijia begani. Magoti yanakataa mlima wa kanisani, kwa hiyo nazunguka kwa njia ya chini na kufika misa imeshaanza. Mama yako mdogo Pelagia anakohoa kama kawaida yake ya kiangazi, vumbi likizidi, lakini anakula na anagomba, basi hatuna wasiwasi naye. Maharage yalikuwa mazuri, mahindi ya wastani. Shamba tumeshalisafisha, sasa tunaangalia mawingu ya upande wa Burundi, ambayo mpaka leo yanakuja, yanatutazama, yanarudi.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwa kalamu wakati simu zipo. Simu ya nyumba hii, kama unavyojua, ni ya wote. Ikiita tu, Pelagia anasema, "Weka sauti na mimi nisikie," na ujumbe ukiingia lazima usomwe kwa sauti, maana yeye hasomi na hapendi kufichwa. Ninayotaka kukuambia leo hayafai kufika masikioni mwake. Ndiyo maana nimeyaweka kwenye karatasi, na binti wa jirani yetu Ntirampeba, ambaye anarudi huko kwenu Amerika kazini, amekubali kukukabidhi mkononi. Ukimaliza kuisoma, ichane.

Ni habari ya tanuri la piza.

Najua kwako jambo hilo limekwisha. Dada yako Niyubahwe lilimshinda, likapewa binamu yenu Stanislaus kule Kibondo, na sasa linawaka vizuri. Hivyo ndivyo linavyosimuliwa, na mimi nimeliacha lisimuliwe hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Naomba unisikilize polepole.

Unakumbuka tanuri lilivyofika mwaka jana ndani ya lile sanduku la mbao. Ulikuwa umeeleza kwamba ni dogo lakini linafanana na yale mnayotumia kazini kwako, na kwamba dada yako akijifunza vizuri hatategemea mkono wa mtu yeyote tena. Tulilipanga kwenye jiko la nyuma, lile la matofali, mgongo wake ukielekea ukutani na mdomo ukielekea mlangoni. Haidari, anayeuza mitungi ya gesi karibu na soko, alikuja mwenyewe kuunganisha mpira, akawasha, akapiga makofi. Mwali ulikuwa wa buluu, mfupi, ukinguruma kama upepo unaopita mdomoni mwa chupa. Niyubahwe akatia piza ya kwanza. Ikaiva kabla Haidari hajamaliza kutusimulia habari za mazishi aliyotoka.

Mwanangu, alijifunza haraka. Alikuwa akiweka nyanya, vitunguu, dagaa wa Kigoma waliokaangwa kidogo, na jibini ambayo masista walikuwa wakimuuzia. Watu wa mjini wakaanza kuulizia. Walimu walikuwa wakituma mtu siku za Ijumaa. Mimi mwenyewe, ambaye sikuwahi kuamini chakula kisicholiwa na ugali, nilikuwa nikisubiri vipande vya pembeni. Nyumba ilikuwa na kelele nzuri wakati ule. Dada yako alikuwa akiimba, na unajua kwamba tangu mumewe aondoke hakuwahi kuimba.

Halafu mwali ukabadilika rangi. Sikumbuki ilikuwa siku gani, kwa sababu hakuna aliyeona ni tatizo. Ulikuwa mrefu, wa manjano, ukipanda na kucheza chini ya paa la tanuri kama moto wa kuni. Na hapa nataka unielewe vizuri. Sisi tuliokulia kwenye kuni, ule moto wa buluu ulikuwa ukitutia mashaka, ulionekana kama moto mgonjwa. Ulipogeuka manjano tulifurahi. Pelagia alisimama mlangoni mikono kiunoni akasema, "Ee, sasa huu ndio moto. Ule wa kwanza ulikuwa na njaa." Na mimi nikacheka, nikakubaliana naye. Mtu niliyesoma vitabu vyote vile.

Baada ya hapo masizi yakaanza. Kwanza yalikuwa kivuli tu kwenye paa la tanuri. Kisha yakawa manyoya meusi yanayoning'inia, na ukipuliza kidogo yanaanguka. Yalianguka juu ya jibini. Niyubahwe alikuwa akiyatoa kwa ncha ya kisu, moja moja, kama mtu anayechambua mchele, na mteja akisubiri nje. Kila siku baada ya kazi alisubiri tanuri lipoe, akaingiza mkono mpaka begani, akasugua kwa waya wa chuma. Alikuwa akitoka humo uso mweusi. Kesho yake masizi yamerudi, mengi zaidi. Piza zenyewe zikawa zinachelewa kuiva, na zikiiva zinanuka moshi mchungu.

Nakumbuka simu yako ya wakati ule. Uliniuliza, "Baba, hilo tanuri linapata hewa?" Nikakujibu kwamba dirisha la jiko liko wazi na mlango uko wazi. Nilidhani nimekujibu. Leo nikilikumbuka swali lile, natamani ungeniambia nipige magoti nikatazame nyuma yake. Lakini wewe uliridhika na jibu la mzee wako, na mzee wako aliridhika na dirisha.

Kisha ikaja walima ya mtoto wa Swaumu. Swaumu ni yule mama mwenye duka la vitambaa, dada wa Haidari. Alimwamini Niyubahwe, akaagiza piza za wageni wa ndani, wale wazee na ndugu zao waliotoka Ujiji. Dada yako alifanya kazi tangu alfajiri, alifunika kila piza kwa karatasi safi. Lakini masizi yalikuwa yameingia chini kwenye unga, hayakuonekana mpaka mtu anapokunja kipande. Wageni walikuwa wamevaa kanzu nyeupe. Ukumbi mzima ukaanza kutazamana vidole. Ndipo mama mmoja wa makamo akapaza sauti kutoka mkekani: "Swaumu wewe! Umetualika kula au kupakwa wanja?"

Watu walicheka, na kwa kweli maneno yenyewe yanachekesha. Mwingine akadakia, "Basi nipakeni na mimi, mume wangu yuko safarini anarudi kesho!" Swaumu naye alicheka ili kumlinda dada yako, akampa na soda ya kunywa njiani. Lakini hakumwagiza tena. Na mji huu, ukishalipata neno, hauliachi. Piza ya wanja. Vijana wa bodaboda wakimwona anapita walikuwa wakimwita, "Mama Wanja, leo unapaka wapi?" Yeye aliwajibu mwanzoni. "Leteni mama zenu niwapake, labda baba zenu watarudi nyumbani," aliwaambia mara moja, wakakimbia. Baadaye akaacha kujibu. Baadaye akaacha kupita barabara ile.

Lile la kuosha kwa sabuni jiwe la ndani ya tanuri lilitokea wiki hiyo. Ni kweli alifanya. Alikuwa amejaribu kila kitu, akafikiri labda mafuta yameingia ndani ya jiwe la kuokea na ndiyo yanayotoa moshi. Alilisugua kwa sabuni ya unga na maji mengi, akaliwasha likiwa bado limenywa maji, likapasuka katikati. Alikupigia kukuambia mwenyewe. Hakukuficha.

Na wewe ukapiga jioni yake, na simu ilikuwa mezani imewekwa sauti.

Sitaki kukurudishia maneno yako yote. Ulisema, "Niyu, mimi huku nasafisha majiko ya watu kila siku. Masizi ni uchafu tu, hakuna kingine." Akasema, "Kaka, nasugua. Muulize baba." Ukasema, "Basi ni mchafu hata kwenye kusugua. Kitu kizuri hakikai mikononi mwako. Baba, mpeni Stanislaus." Mimi sikuulizwa, lakini nilikuwepo. Ningeweza kusema, "Mwanangu, huyu binti anatoka kwenye tanuri lile akiwa mweusi mpaka kwapani, na hajaliacha hata siku moja." Nilisema tu kwamba tutazungumza. Nilifikiri una hasira, nikafikiri zitapoa, nikafikiri tanuri ni lako na wewe ndiye unayejua. Pelagia alimshika dada yako mkono na kumwambia, "Nyamaza mwana wanje, mwanangu, chuma tu hicho."

Stanislaus alikuja na pikapu ya rafiki yake, mwenye furaha kama mtu anayeposa. Unamjua. "Mjomba," ananiambia, "hili jiko linataka mwanamume." Niyubahwe akamjibu, "Basi tutafutie mmoja umpakie kwenye gari pamoja nalo." Alikuwa bado ana uwezo wa kutania asubuhi ile. Tukalivuta tanuri kutoka ukutani, mimi nikishika upande wa nyuma kwa sababu ya magoti yangu, wao wakinyanyua mbele.

Ndipo Pelagia akatoka nje haraka haraka, kanga inaburuta, akasema: "Stanislaus, ngoja. Usije ukabandua udongo wangu huko nyuma. Huo ndio unaoshika gesi."

Stanislaus akacheka, akasema, "Sawa, mama." Hakuelewa chochote. Mimi niliinama. Chini kabisa, nyuma, pale bomba la gesi linapoingia, kuna safu ya matundu marefu, kila moja upana wa kidole. Hayakuonekana. Yalikuwa yamezibwa kwa udongo wa kichuguu, umechanganywa na majivu na nyasi zilizokatwa, ukalainishwa kwa kidole gumba, kisha ukapakwa masizi ili ufanane na chuma. Kazi safi kabisa. Hata ningeangalia nyuma, huenda nisingeuona.

Akatueleza pale pale, kwa fahari kidogo, kama mtu aliyefanya wema kimya na sasa ameamua apokee shukrani. Siku moja alikuwa jikoni peke yake, tanuri likiwaka, akaweka kiganja nyuma na kuhisi upepo kwenye matundu, akasikia na sauti ya kuvuma. Akajua gesi inatoroka. Akasema moyoni, huyu mtoto atamaliza mitungi bila faida. Akaenda kichuguuni mwenyewe, na kile kikohozi chake, akachukua udongo, akaziba. Kumbe ule upepo ulikuwa unaingia, hautoki. Tanuri lilikuwa likivuta pumzi, naye alilifunga pua. Moto usiopata hewa hauchomi gesi yote, na gesi isiyoungua ndiyo masizi.

Nduwayezu, huenda ukataka kucheka au kukasirika. Kabla hujafanya lolote kati ya hayo, nikurudishe kambini Mtabila.

Wewe ulikuwa shuleni siku ninayotaka kuisema, na hakuna aliyekuambia. Mama yenu mzazi alikuwa ameshafariki, Pelagia ndiye aliyekuwa akiwapikia. Unakumbuka kuni zilivyokuwa shida, wanawake wakitoka mbali nje ya kambi, porini, kwa makundi. Siku hiyo kundi lilitawanyika. Pelagia alirudi jioni bila kuni na bila kitenge, miguu imejaa miiba. Aliingia ndani akakaa. Hakusema, na mimi sikuuliza, na mpaka leo hajasema. Kesho yake alianza kulikandika upya lile jiko letu la udongo. Aliziba kila ufa. Aliufanya mdomo wake mdogo mpaka vijiti viwili tu ndivyo vilivyoweza kuingia. Wale waliokuwa wakifundisha majiko ya kupunguza kuni walileta wanawake wengine waje kulitazama, wakamsifu, wakamwita mwalimu. Yeye alitabasamu. Kwake, tundu moja kwenye jiko lilikuwa safari nyingine ya porini.

Kwa hiyo alipohisi upepo kwenye tanuri lako hakufikiri hata kidogo. Mkono wake ulikuwa umeshajua la kufanya. Alitaka dada yako asiishiwe.

Na dada yako alilijua hilo kuliko mimi. Tulipokuwa tumesimama pale, tanuri liko nusu juu ya pikapu, nilimwona anaitazama ile kazi ya udongo, anayatazama matundu, kisha anamtazama Pelagia. Nilijua hesabu yote imemjia kichwani kwa mara moja: masizi, walima, vijana wa bodaboda, maneno yako. Nilingoja apige kelele. Alimshika Pelagia mabega akamwambia, "Asante, mama. Ndiyo maana mtungi ulikuwa unakaa. Stanislaus hataubandua, nitamwambia mwenyewe." Pelagia akasema, "Ego, ndiyo, mwambie. Vijana hawajui." Gari likaondoka.

Nilimfuata nyuma ya nyumba. Nikamwambia nakupigia simu sasa hivi, nakueleza, tanuri linarudi leo leo. Akaniambia, "Baba, ukimwambia kaka, kaka atapiga. Akipiga, mama atasikia. Mimi nilikuwa mlangoni siku ile aliyorudi bila kitenge. Wewe ulifikiri nimelala." Kisha akasema, "Acha niwe mchafu."

Nikamwacha. Hilo ndilo ninaloamka nalo.

Kuna jambo jingine ambalo hulijui. Jioni ile ile Niyubahwe alimpigia Stanislaus kwa simu yake mwenyewe, akamwelekeza: geuza tanuri, toboa udongo wote, safisha matundu kwa mswaki mkavu, liwashe tupu mpaka masizi yaungue yenyewe, jiwe usilioshe bali ulikwangue. Alikuwa ameshaelewa kila kitu. Stanislaus alifanya kama alivyoambiwa, mwali ukarudi buluu, akapiga video akaitia kwenye kundi la familia: "Kazi ni usafi, ndugu zangu." Na wewe ukaandika chini yake, "Nilisema mimi." Pelagia aliomba asomewe. Niyubahwe ndiye aliyemsomea.

Simlaumu Stanislaus. Hakujua maana ya alichoelekezwa, na yeye ni mtu wa kupenda kusifiwa tangu akiwa mdogo. Mgahawa wake umechangamka, ameajiri watu wawili. Wewe pia sikulaumu kama unavyofikiri. Ulizungumza kama fundi anayeona kazi mbaya kutoka mbali, na picha zilizokufikia zilionyesha uchafu. Sisi ndio tuliokuwa na macho karibu.

Tangu hapo dada yako hajaoka kitu. Amepanga chumba Kibondo, anakwenda Mabamba siku za soko, ananunua maharage na unga wa muhogo kwa wanaovuka mpaka, anauza mjini. Haimpi sana, lakini anajitegemea. Alikuja kututembelea mwezi uliopita. Mikono yake imetakata kabisa, hata kwenye kucha. Alipoona naitazama aliificha chini ya kanga. Pelagia anadhani aliondoka kwa sababu ya biashara, na anasikitika kwamba nyumba imekuwa kimya.

Na sasa nakuja kwenye jambo lililonikalisha chini kuandika. Niyubahwe ameniambia kwamba baada ya Krismasi atavuka mpaka kwenda Burundi. Kuna mama mmoja wanayefanya naye biashara pale Mabamba, amemwambia kuna mahali pa kukaa upande wa kule, karibu na kilima alikotoka mama yenu. Hakuna mtu wetu aliyebaki huko. Nimemwuliza anakwenda kwa nani. Akasema, "Kwa watu wasionijua." Alisema kwa upole, akinimenyea ndizi.

Mimi nimevuka mipaka mingi, mwanangu. Kutoka Burundi kwenda Kongo nikiwa kijana, kutoka Kongo kuja hapa nikiwa na familia. Kila mara kuna mtu niliyemwacha nikidhani tutazungumza vizuri tukikutana tena. Wengine hatukukutana. Nilikuona wewe ukipanda basi pale Mtabila kwenda Amerika, na dada yako amesimama kando yangu, kwa sababu tu jina lake liliandikwa kwenye familia yangu na la kwako peke yake. Hakulia siku ile. Alisema, "Kaka atanikumbuka." Tanuri lilipofika, aliniambia kabla hata hatujafungua sanduku, "Umeona? Alinikumbuka." Sijui kama aliwahi kukuambia hivyo. Ni mtu wa kutosema.

Siombi umrudishie tanuri. Likirudi hapa, Pelagia ataliziba tena, na itabidi mtu amweleze kwa nini asizibe, na kumweleza ni kumwambia kwamba mikono yake ndiyo iliyomharibia mtoto aliyemlea. Ana miaka mingi na kifua kibovu. Liache Kibondo. Siombi pia umtumie kingine, wala kitu chochote badala yake. Angekipokea kwa adabu na kukigawa.

Ninachoomba ni kwamba ulirudishe lile neno ulilomwita. Uliondoe mwenyewe, kwa sauti yako, yeye akisikia, kabla hajavuka akiwa nalo. Usimwambie kwamba nimekuandikia, kama unaweza. Mwambie tu kwamba umefikiri tena, kwamba mtu anayejua kazi angepaswa kuuliza kuhusu matundu ya hewa mara ya pili. Hilo ni kweli, na halimgusi Pelagia.

Salamu zangu nyingi kwa mkeo na kwa watoto, hasa yule mdogo anayefanana na marehemu kaka yangu Hatungimana, baba yako. Msalimie kila mtu wa kwetu unayekutana naye kanisani. Ntirampeba na watu wake wanakusalimu. Haidari anakusalimu, na anauliza kila mara ni lini Mama Piza atarudi kununua mtungi. Pelagia anakuombea kila jioni kwa jina, na ananiagiza nikuambie kwamba ukituma tanuri jingine, hilo atalikandika vizuri zaidi, maana sasa amepata uzoefu. Nimeandika kama alivyosema.

Mungu aliyewahesabu watu wetu njia zote zile asikupoteze hata wewe mmoja. Akupe mgongo wenye nguvu na moyo mwepesi.

Nimekuandikia namba mpya ya Niyubahwe nyuma ya ukurasa huu, ile ya zamani ameizima. Jumapili baada ya misa huwa peke yake chumbani. Usimtumie ujumbe wa sauti, mpigie. Ataitikia kama mtu asiyekujua, nawe usimfuate kwa haraka. Ukishasema, atanyamaza, na atanyamaza muda mrefu mpaka utadhani laini imekatika. Usikate simu. Ndivyo anavyolia.

Mimi nikupendaye, baba yako mdogo,

Felisiani Manirambona